Mwalimu Nani-na-Lini, 1958–2024

Ndugu, jamaa na wanafunzi wa marehemu, anayewasomea ni mdogo wake, yule karani wa posta mliyezoea kumwona dirishani kabla hajastaafu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu, wanasema, mimi silii ovyo. Tutaona.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa injini na mshonaji nguo. Sisi wadogo zake watatu alitubeba mgongoni, kisha akatufundisha kusoma kwa makaratasi ya kufungia bidhaa. Hukuruhusiwa kutupa karatasi ya sabuni kabla hujamwambia sabuni yenyewe imetoka nchi gani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, na akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1977. Januari 1978 alipangiwa shule ileile aliyosoma, akapewa darasa la sita, chumba cha mwisho chenye dirisha lisilofungika. Hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 2018.

Alifundisha jiografia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kipindi cha Ijumaa saa nane mchana, alichokiomba mwenyewe mwaka 1983, cha maendeleo ya Afrika na wajibu wetu kwa dunia. Hakikuwa na mtihani. Kilikuwa na sheria moja tu. Mtoto akisimama na kusema, "Afrika inahitaji barabara," marehemu aliuliza, "Nani, na kuanzia lini?" Aliyebabaika aliambiwa, "Kaa chini, ufikiri upya." Ndipo watoto wakambandika jina la Mwalimu Nani-na-Lini, na jina likamkaa.

Mimi nilimtania tangu mwanzo. "Dada, madawati yenyewe yanayumba, wewe unafundisha dunia!" Akanijibu, "Basi sema nani atayagongea misumari, na kuanzia lini." Aliyekuja kuyagongea alikuwa seremala kijana, mpole, asiye na maneno mengi. Shemeji, tusamehe tukisema leo: kazi ile ilikuwa ya siku tatu, wewe ukaifanya wiki tatu. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 1996 darasa lake lilianza kuandikiana barua na shule moja ya nchi nyingine ya Afrika. Watoto wetu wakawaonea huruma wenzao, wakakusanya penseli, sabuni na madaftari. Boksi nililigonga muhuri mimi mwenyewe. Wiki hiyohiyo likaingia boksi kutoka kule, nikalipeleka darasani. Ndani mlikuwa na penseli, sabuni, madaftari, na barua ya kutupa pole kwa umaskini wetu. Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na darasa zima likacheka naye. Kisha akajifuta macho, akauliza, "Haya, nani alituambia wenzetu hawana kitu?" Tangu siku hiyo shule hizo mbili ziliacha kutumiana maboksi, zikatumiana maswali. Lile tangi la maji ya mvua nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu lilijengwa kwa mchoro wa watoto wa kule, nao walijifunza kwetu kutengeneza mbolea kwa maganda ya jikoni.

Baada ya kustaafu aliendelea kujitolea kila Ijumaa. Agosti 2022 aligundulika ana ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliwabembeleza wauguzi wampange Jumanne na Jumamosi, wasimguse Ijumaa yake. Mwezi Mei mwaka huu miguu ilikataa. Mwalimu mkuu alikuja hospitali akamwambia ukweli, kwamba walimu wote wamelemewa, na bila mtu wa kukishika, kipindi kile kitaondolewa kwenye ratiba. Marehemu aligeukia ukutani.

Nikataka kumtuliza. "Usijali, dada. Kipindi chako kitaendelea."

Akanigeukia. "Nani, na kuanzia lini?"

Nikanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. Nikasema chai inapoa. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, nimekosa jibu! Alinishika mkono, akatabasamu. "Kaa chini, ufikiri upya."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mume wake akiwa kando yake. Nilikuwa bado sijamjibu, na hilo limeniuma kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Ameacha mume, seremala wake, binti yake muuguzi na mwanawe dereva wa lori, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na wanafunzi wa miaka arobaini na zaidi, ambao leo wamejaza uwanja huu hadi barabarani.

Dada, nimefikiri upya. Ni mimi. Kuanzia Ijumaa hii, saa nane mchana. Mwalimu mkuu amekubali, na ramani yako ya dunia, ile uliyokuwa ukiitundika darasani, nimeshaichukua kwa shemeji. Sasa pumzika kwa amani.