Bi Rula na Mji Uliohesabiwa Mara Mbili

"Bi Rula anaondoka akituachia jiji dogo kuliko lile alilolikuta." Maneno hayo aliyasema afisa uhusiano wetu, yule tunayemwita Tarumbeta, mbele ya wafanyakazi wote wiki iliyopita, na wapo waliocheka. Jarida hili limeomba wasifu wa mstaafu, halikuomba ugomvi, kwa hiyo jibu litakuwa fupi: ni uongo. Hakuna mtu hata mmoja aliyekunja godoro lake akahama jiji hili kwa sababu ya Bi Rula. Maduka yamejaa, foleni ya kliniki inafika barabarani, na lifti yetu mbovu inasubiriwa na umati ule ule. Kilichopungua ni majivuno, na majivuno hayanywi maji wala hayaugui.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu Bi Rula, mkuu wa Kitengo cha Ramani na Mipaka, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Jina la utani alilipata kwa rula ya chuma aliyokuwa akiigonga mezani kila kikao kilipoanza kuzunguka mbuyu, na meza ya ukumbi mdogo ina makovu ya kutosha kuthibitisha. Aliajiriwa akiwa msichana mwembamba aliyetoka chuo na shahada ya jiografia. Anaondoka na miwani mbili, miguu inayovimba kila jioni, na uchovu ambao likizo haijawahi kuuondoa. Wengi wetu tunaujua uchovu huo. Ni uchovu wa kusema jambo moja kwa wakurugenzi tofauti.

Kwa madereva, wahasibu na wenzetu wengine wasiopanda hadi ghorofa yetu ya ramani, ni vizuri kueleza jambo lenyewe. Swali la nani mkubwa kati yetu na watani wetu wa jiji la bondeni ni la zamani kuliko jengo hili, na watu wamenuniana kwa ajili yake. Ukihesabu waliomo ndani ya mipaka ya halmashauri peke yake, sisi ni wakubwa. Ukihesabu nyumba zote zilizoshikana bila shamba katikati, wao wanatupita, maana bonde ni tambarare na nyumba zao zimetambaa kama maboga. Ukiongeza na miji midogo ambayo watu wake huja jijini kazini kila asubuhi, mshindi ni yule aliyeshika kalamu. Ardhi ni ile ile na watu ni wale wale. Mstari tu ndio unaohama, na Bi Rula alilipwa ili auchore.

Akiwa bado mgeni kazini aliombwa achore mstari mpana. Aliuchora, tena kwa furaha. Mstari ule uliumeza mji wa njiapanda, ulio katikati ya majiji mawili, pale mabasi ya pande zote yanaposimama abiria wakanunua maji. Ripoti ilipotoka tulikuwa tumewapita wa bondeni. Keki iliagizwa, imepambwa kwa ramani mpya, na picha ya siku hiyo bado inaning'inia kwenye korido: aliyeshika kisu ni Bi Rula, anacheka hadi magego. Wanaopenda mashujaa wasio na doa waishie hapa kusoma.

Wa bondeni nao hawakulala. Katika ripoti yao walichora mstari wao mpana, wakaumeza mji ule ule. Kwa hiyo mkazi wa njiapanda alihesabiwa huku na kuhesabiwa kule. Alikuwa na sahani mbili kwenye karamu ya takwimu, na mezani hakuwa na hata kijiko.

Habari hiyo ililetwa ofisini na dada mkubwa wa Bi Rula, mkunga katika zahanati ya njiapanda. Aliingia bila kupiga hodi, bado amevaa viatu vya kazi.

"Nasikia sisi ni watu wa jiji siku hizi," alisema.

"Ndiyo, dada. Mmepanda cheo. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Nimeomba wodi ya wazazi, nimejibiwa kwamba hatuihitaji, tumo ndani ya jiji na jiji lina hospitali kuu. Iko wapi? Hebu nionyeshe hapo dirishani."

"Dada yangu, ule mstari ni wa takwimu tu."

"Haya. Basi mjamzito akinijia nimpe takwimu azishike, mimi nikalale."

Wiki ile mkunga alikuwa amempoteza mama mmoja kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Kwa makaratasi, mama yule alikuwa na hospitali kuu mbili, moja ya kwetu na moja ya bondeni. Alifia barabarani katikati yake. Waliokuwepo wanasema ndiyo siku pekee ambayo Bi Rula alishindwa na mtu katika jengo hili, na kwa kuwa aliyemshinda ni dada yake, hakuwa na pa kukata rufaa.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: kuutoa mji ule ndani ya mstari alioupanua mwenyewe. Kila mkurugenzi mpya alimkaribisha, akamsifu, akamwambia alete hoja mwakani. Alileta mwakani. Alikwenda njiapanda na vijana wa kitengo, akasimama kwenye milango ya watu na kuwauliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha fani yetu: ukiaga nyumbani kwamba unakwenda mjini, huwa unakwenda wapi? Wakazi wa pembezoni mwa jiji letu walitaja katikati ya jiji letu. Kule njiapanda, seremala mmoja aliweka randa chini akamtazama kwa huruma. "Mjini? Mama, si ndiyo hapa ulipo! Umepotea? Nikutafutie usafiri urudi kwenu?" Bi Rula aliliandika jibu hilo kwenye ripoti yake neno kwa neno, na mkurugenzi wa wakati huo akalikata kwa wino mwekundu kwamba si la kitaalamu.

Hakuwa malaika. Kwa miaka mingi alikataa kuzihesabu nyumba mpya za mashariki akidai ni magofu ya matajiri, wakati mapazia yalikuwa yameshatundikwa na watoto wanakwenda shule. Alikosea, na ilibidi mjumbe wa mtaa aje na kundi la akina mama ndipo akubali, huku amenuna. Alikuwa mkali kwa wanaochelewa, na chai ya mwenzake aliinywa bila kuomba. Mumewe, fundi saa, hudai kwamba nyumba yao ndiyo pekee mtaani isiyo na ua, kwa sababu mke wake akifika nyumbani hataki kusikia habari ya mpaka wowote.

Ushindi, ulipokuja, ulipitia kwenye simu. Mkuu wa ramani wa bondeni, mtani wake wa miaka mingi, naye alikuwa na njiapanda kwenye ramani yake na alijua wazi kuwa ni aibu. Tatizo lilikuwa moja: atakayetangulia kuutoa mji ule atashindwa kwa ukubwa, na magazeti yatamla nyama. Wakakubaliana wafute asubuhi moja, na kwa kuwa hasara ingekuwa ya wote wakurugenzi wakaridhia: kila mtu mbele ya mkurugenzi wake, simu ikiwa wazi. Sote wa ghorofani tulisimama kumsikiliza.

"Umefuta, shemeji?" aliuliza Bi Rula.

"Tangulia wewe, mama. Wageni kwanza."

"Mgeni gani, nami niko ofisini kwangu? Mwanaume hutangulia."

"Kwenye hasara? Aa, hapana. Huko sitangulii."

"Basi pamoja. Na ukinidanganya nitakuja huko bondeni na rula."

Walifuta pamoja. Majiji yote mawili yakapungua siku ile ile, na mji wa njiapanda ukaandikwa peke yake kwa mara ya kwanza, kwa jina lake na idadi yake. Wizara ilipoona mji mzima usio na wodi ya wazazi, ilitoa kibali cha ujenzi. Leo kuta zimefika usawa wa madirisha. Mkunga, ambaye naye hana siku nyingi kabla ya kustaafu, hupita pale kila asubuhi akawahimiza mafundi kama mama mkwe.

Tarumbeta ana hoja yake, na haki ni kuitaja. Anasema namba kubwa huvuta viwanja vya michezo, mashirika ya ndege na mikutano. Huenda. Lakini namba hiyo hiyo ikishavuta mkutano, hutumika pia kugawa madaktari, na hapo haicheki na mtu. Anayetaka kujisifu kwa watu wa njiapanda awazalishe kwanza. Hatuombi radhi kwa kusema hivyo, ingawa tumechoka kusema, na aliyelisema kwa muda mrefu kuliko sisi sote anakabidhi funguo za kabati Ijumaa.

Bi Rula, umetufundisha kuuliza watu wanalala wapi kabla ya kuwajumlisha. Asante kwa hilo, na kwa ukali wako, na hata kwa chai zetu ulizokunywa. Nenda ukainue miguu juu ya kiti, mwenzio akutengenezee saa isiyo na kengele ya asubuhi. Uzeeni kwako kuwe na afya, usingizi mzuri na majirani wasiogombania uzio.

Sasa ninyi, wajumbe wa Kamati ya Mipaka. Mmeitisha kikao Jumatatu, siku ya kwanza ambayo kiti chake kitakuwa wazi, na hakuna mtu katika jengo hili anayeamini kuwa ni bahati tu. Ajenda ya tatu inawataka muurudishe mji wa njiapanda ndani ya jiji ili tuwapite wa bondeni kabla ya mkutano wa majiji. Mkifanya hivyo, nao watafanya hivyo kabla ya chai ya saa nne, kibali cha wodi kitafutwa, na zile kuta zitabaki zizi la mbuzi. Mnalijua hili. Mmeandikiwa, mmechorewa, mmegongewa rula. Msisafiri siku hiyo, msiugue, msiombe muda wa kutafakari. Fikeni, inueni mikono muikatae ajenda ya tatu, majina yenu yaandikwe kwenye muhtasari, kisha mpelekeeni mkunga mabati.