Spika Zilizonuniana

Sogeeni, wanangu. Wewe mwalimu kaa hapa ukingoni mwa kitanda nikuone, na wewe bwana wa duka la simu, izime hiyo iliyo mfukoni, maana leo sitaki kushindana na mlio wa mtu. Mlango umefungwa? Vizuri. Baba yenu mdogo amefika, nimemsikia mama yenu akimpokea, na sasa yuko sebuleni anakunywa chai, mwacheni ainywe. Miaka kumi na minane hajakanyaga nyumba hii kwa sababu yangu mimi, na kabla sijarudishwa wodini kesho nataka nimwombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini naogopa. Mtu mzima na mvi zangu, naogopa ndugu yangu aliyezaliwa nikimwona. Ndiyo maana nimewaita ninyi kwanza, niwape vyenu, niwaambie ambayo hamkuambiwa, ili maneno yenyewe yazoee kutoka.

Nyumba hii ni ya mama yenu, hilo halina mjadala, na atakayemletea habari za kuiuza nikiwa bado sijapoa ajue sijamtuma. Vingine ni hivyo mama yenu anavyoviita madudu: ampli kubwa, gramafoni, santuri mia mbili na kitu, mita ya kupimia umeme, chuma cha kuchomea risasi ya kuungia waya, na hizo spika mbili zinazomfika mtu kiunoni. Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na moja, na mshahara wa kupanga barua za watu haukuwa wa kununulia muziki mzuri dukani, kwa hiyo nilijifunza kuutengeneza kwa mikono. Wenzangu wakaniita Mzee Masikio. Hakuna aliyenunua redio mtaani kwetu bila kunipitia, nami nikavimba kichwa, nikaamini kabisa kwamba masikio haya hayakosei.

Mwalimu, gramafoni na ampli ni vyako pamoja na santuri zote, kwa kuwa tangu utotoni ulikaa sakafuni ukasikiliza upande mzima bila kunisemesha. Siku ukitaka kubadilisha kitu, anza na spika, usianze na ampli, maana ampli nzuri kwenye spika mbovu ni sawa na kumvisha suti mtu asiyeoga. Usibabaishwe na wati zilizoandikwa kwenye boksi, aliyeziandika hakuapishwa. Nenda dukani na santuri unayoijua vizuri, ile ambayo unajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, na pumzi hiyo isiposikika, aga urudi nyumbani. Kikiwa kitu kilichokwisha tumika, zungusha kitufe cha sauti polepole: kikikwaruza, hilo ni vumbi, linasafishika, lakini gusa pia ukingo wa koni, ile karatasi ya spika inayotetema, kwa vidole viwili, na ukiona unamomonyoka kama mkate mkavu, mwachie mwenyewe kitu chake.

Nawe, bwana mdogo, mita na chuma cha risasi ni vyako, na koleo zangu zote, kwa kuwa mkono wako umetulia kuliko ulivyokuwa wangu. Ila usifungue ampli iliyochomolewa sasa hivi ukadhani iko salama. Umeme hubaki humo ndani ukisubiri kidole cha mwenye haraka; mimi ulinitupa mpaka mlangoni, mama yenu akanikuta nimekaa chini nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Na lile dubwana lako la muziki, la sebuleni kwako, linalowaka taa za rangi saba, sina ugomvi nalo, lakini umelibana kwenye kona, na kona huvimbisha besi mpaka maneno ya wimbo yanazama. Livute hatua moja kutoka ukutani, tandika zulia mbele yake, tundika pazia zito nyuma ya kiti chako, utadhani umenunua jingine. Usinicheke. Kajaribu kwanza.

Sasa spika. Hapa ndipo panaponiuma.

Koni zake nilizipata kwa tabu, moja mwaka mmoja, ya pili mwaka uliofuata. Masanduku nikamwomba mdogo wangu, seremala. Sanduku la spika likiwa jepesi nalo litaimba, na hatukulialika kuimba, kwa hiyo lazima liwe zito, lisitikisike. Alikuja kila Jumamosi kwa miezi miwili, hapo uani. Ubao alioutafuta ulikuwa na unene wa dole gumba, ndani akakingamisha vipande vya kuushikilia, kila kiungo akakijaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha akawa analigonga sanduku kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio: likilia kama mlango anafungua tena, anaongeza kipande, mpaka likalia kama ukuta. Alisema hiyo ni zawadi kwa kaka yake. Aliyapaka masanduku rangi mara nne, akiyakwangua kwa msasa kila mara, na mimi nikimpigia kelele kwamba anachelewa.

Waya niliunga mwenyewe. Zilikuwa waya za nyuzi mbili zenye rangi moja, na kawaida yangu ilikuwa kupiga fundo dogo kwenye uzi wa chanya, upande huu na upande ule, ili nisizichanganye. Fundo moja nikalipiga kwenye uzi wa hasi. Basi, hicho ndicho kilichotokea, hakuna kingine. Spika zikiungwa hivyo, moja inasukuma hewa mbele na mwenzake anaivuta nyuma, besi inafia katikati, na sauti ya mwimbaji hujui imetokea ukuta upi. Sisi wapenzi wa mambo haya tulikuwa na neno letu, tulisema spika zimenuniana. Mtu akija kunililia kwamba hana besi, nilimuuliza hilo kabla hajakaa: hazijanuniana hizo? Dawa yake ni ndogo. Msikilize msomaji wa habari redioni. Sauti yake inatakiwa isimame katikati ya spika zako mbili kama vile yupo pale, na ikiwa imetawanyika ovyo, geuza waya wa spika moja tu. Au gusisha betri ya tochi kwenye nyuzi za spika uangalie koni imetoka au imeingia ndani. Ni kazi ya dakika moja. Nilifundisha nusu ya mji huu, na zamu yangu ilipofika sikuangalia.

Siku ya kuziwasha nilialika watu kumi na mmoja. Mdogo wangu alikuja na shati jipya. Nikaweka santuri, watu wakasogeza viti kwa hamu, na besi ikawa hakuna, muziki mwembamba kama wa redio ya mkononi. Nikaona wenzangu wanatazamana. Badala ya kuinama nyuma ya spika nikamgeukia yeye, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Wewe hukutengeneza spika, umenitengenezea mabanda ya kuku." Wakacheka, wanangu. Wote. Yeye akanijibu taratibu, "Kaka, hebu angalia waya kwanza." Nami nikamwambia, "Tangu lini seremala akanifundisha waya? Rudi kwenye vitanda vyako." Akasimama, akamuaga mama yenu kwa adabu, akatoka. Mwalimu, ulikuwa mlangoni na sinia la vikombe, ukampisha apite, ukanitazama. Ulikuwa na haki ya kunitazama vile.

Laiti angenitukana na yeye, pengine tungepatana wiki ile ile. Lakini alinyamaza, na mimi kunyamaza kwake nikakuita kiburi. Nikabadilisha ampli mara mbili, nikahamisha spika kutoka ukuta huu hadi ule, na waya zikawa zile zile na mafundo yale yale, kwa kuwa nilijua mafundo ni yangu na yangu hayakaguliwi. Kila nilipoikosa besi nilimlaumu seremala. Alipofiwa na mkewe, yule shemeji yangu mcheshi aliyenifanyia mizaha mbele za watu nikapenda, nilituma salamu za pole kupitia mtu, sikwenda. Kwenye harusi yako, mwalimu, ulipouliza baba yako mdogo yuko wapi, nikakwambia amesafiri. Hakusafiri. Sikumpelekea kadi. Barua za watu wengine zimepita mikononi mwangu miaka yote ile, na ndugu yangu wa tumbo moja sikumwandikia hata mstari. Naona aibu kulisema hili mbele yenu. Nipeni maji.

Ahsante. Inua kidogo mto. Hapo.

Sasa mwezi uliopita, mlipokubaliana kitanda changu kihamie chumba hiki, mama yenu alisogeza spika apate nafasi, akazichomoa waya zote, akafuta vumbi, akazirudisha kama zilivyomjia, bila kujali fundo wala nini. Mchana akaniwekea santuri ili nipunguze kunung'unika. Besi ikatoka, wanangu! Ikatoka nzito, safi, nikaisikia mpaka kwenye mbao za kitanda, na mwimbaji akasimama pale katikati, pale hasa ulipoweka kiti chako, kijana. Nikalia kwa sauti. Mama yenu akadhani maumivu yamezidi, akakimbilia dawa, nami nikamwambia acha dawa, niletee ncha za hizo waya. Nikapapasa mafundo kwa vidole, moja, la pili, la tatu, la nne, nikajua lipi limekosea. Miaka kumi na minane nimeishi na spika nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia, na aliyezipatanisha ni mtu asiyejua chanya wala hasi. Ndiye pia aliyempigia simu baba yenu mdogo. Mimi sikumtuma, nisingethubutu. Alinijia tu na bakuli la uji akasema, "Shemeji anakuja Alhamisi, kwa hiyo ujiandae." Nikamuuliza amesema nini. Akasema, "Ameuliza kama bado unakunywa chai bila sukari."

Basi tangu siku ile nina raha ambayo siwezi kuieleza. Mgonjwa mimi, lakini nina raha. Mtu ambaye amechoka na wewe kabisa haulizi habari za sukari.

Kwa hiyo spika sizigawi, sioni kama ni zangu kuzigawa. Muulizeni baba yenu mdogo. Akisema zibaki hapa, zibaki zote mbili chumba kimoja. Akitaka kuzichukua, mbebeeni mpaka kwenye gari, na mzifunge blanketi zisichubuke. Akitaka kuzipasua akoke moto, mshikieni shoka na msimwambie neno. Nikishaondoka, mkimbilieni yeye kwa shauri kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa sasa ndiye baba mliye naye. Mwalimu, wanao hawamjui hata sura. Wapeleke karakana kwake wakacheze kwenye unga wa mbao, warudi wachafu. Na ninyi wawili, mmeanza kujibizana kuhusu nani alale hospitali na nani afanye nini, mnadhani sisikii. Nasikia. Kila mmoja akague upande wake kwanza, halafu ndipo afungue mdomo. Hilo nimelinunua kwa bei mbaya, ninyi nawapa bure.

Ngojeni... kifua kimebana. Hapana, msimwite mama yenu. Kinapita.

Mungu awafungulie mlipofungiwa. Awape kazi ya mikono yenu na usingizi baada ya kazi. Awape... awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi, na awape moyo wa kusema nimekosa, mapema, mkiwa bado na pumzi ya kutosha sentensi nzima. Nimewaridhia, wote wawili. Sina kinyongo na yeyote kati yenu, wala sina deni la upendo nililowaficha. Nawapenda. Sikuzoea kulisema, sasa nimelisema.

Fungueni mlango, mwiteni baba yenu mdogo. Na mama yenu pia aje. Msitoke ninyi. Ndugu yangu nilimtia aibu mbele za watu, siwezi kumwomba radhi kwa siri. Nikikwama katikati, msinimalizie. Hata nikichukua muda... acheni nichukue.

Huyo. Hizo ni nyayo zake.

Karibu. Pita, pita, usisimame mlangoni kama mgeni. Umezeeka, na wewe... Hapana, usinishike mkono kwanza, nitashindwa kusema. Mdogo wangu. Masanduku yako hayakuwa na kosa hata moja. Mimi ndiye... niligeuza waya, nikakutukana mbele ya watu, na nikakuacha uzike mkeo bila mimi. Nimekukosea. Nisamehe.

Usinijibu upesi. Mwalimu, mpe kiti baba yako. Kaa, upumzike, umetoka mbali.