Kikao Ambacho Hakikufanyika

Wapendwa, nashukuru kupewa nafasi hii, ila mtanivumilia, maana sikuja kujisifu. Wengi hapa Bulembia mnanijua kwa sauti yangu kubwa. Mlinisikia nikiwafokea watu kwenye kupakia saruji. Kiwanda sikitaji, wala mtu yeyote.

Nilitoka Kenya nikiwa kijana, nikabeba mifuko miaka mingi mpaka nikafanywa msimamizi wa watu kumi na sita. Siku niliyopewa kofia nyeupe ya usimamizi nilitembea nayo hadi sokoni, jamani! Mke wangu aliona aibu.

Halafu ikaja mashine mpya ya kujaza na kushona mifuko. Meneja akaniita: "Mzee, tunapunguza watu kumi na wawili. Niletee majina kabla ya chai."

Nikaandika. Sikuangalia nani ametumika miaka mingapi. Niliandika wale wasiobishana. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Bwera, mjane, mshona mifuko wa miaka tisa. Kisha meneja akanisogezea karatasi nyingine. Ilisema tulikaa na wafanyakazi, tukatafuta pamoja njia ya kuwabakiza, tukaikosa. Ndugu zangu, hatukukaa hata dakika moja. Nikasaini. Nilijiambia, heri wao kuliko mimi.

Wiki tatu baadaye nikaitwa mimi. Nikaambiwa watu wanne hawahitaji msimamizi. Basi, nikatoka getini kama wale niliowatoa.

Miezi miwili nilijifungia ndani. Mke wangu akawa anauza ndizi barabarani Kikorongo, mimi nimelala natazama mabati. Nilimkasirikia kila mtu, isipokuwa mimi mwenyewe. Siku moja yule mama wa Bwera akabisha hodi. Nikajua amekuja kunitukana. Kumbe!

"Tumeshitaki kwa afisa wa kazi," akasema. "Na weye walikufukuza, baba. Kuya twende pamoja."

Hakujua ni nani aliyeandika majina. Sikumwambia. Nikamfuata hadi ofisini kwa afisa, na meneja naye alikuwa ameitwa.

Afisa wa kazi, dada mmoja mpole, akamuuliza meneja: "Kabla ya kuwaachisha, mlijaribu nini kingine?"

Meneja akatoa ile karatasi. "Walishirikishwa. Msimamizi wao ndiye huyo, na saini yake ni hii."

Macho yote kwangu. Nikinyamaza, kesi imekufa. Nikisema, mama atajua. Nawaambieni kweli, nilitaka kunyamaza. Lakini nikamwona anavyoikunja leso yake mkononi, anasubiri niseme, na ameniamini kabisa. Nikasimama.

"Saini ni yangu. Kikao hakikuwepo. Majina niliandika mimi, peke yangu."

Mama hakunitazama. Afisa akamgeukia: "Mama, mngeulizwa mngesema nini?"

Akajibu palepale: "Si tungefanya kwa zamu? Wiki moja hawa beko kazini, wiki ingine wengine. Na sisi washonaji watufundishe hiyo mashine. Lakini hakuna mutu alituuliza."

Mnasikia? Jibu alikuwa nalo siku zote, hatua kumi kutoka mezani kwangu. Nilipita mbele yake na karatasi mkononi nikamwambia tu aharakishe.

Kiwanda kikaagizwa kukaa upya na watu. Wanane wamerudi kwa zamu, na mama huyo sasa ndiye anayeendesha mashine. Mimi sikurudi, na sinung'uniki sana. Siku hizi napanga mizigo kwenye malori ya tajiri mmoja Mwislamu pale Mpondwe. Ni mama yuleyule aliyenisemea kwake. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Ulikawia, lakini ulisema."

Basi namshukuru yeye, namshukuru tajiri yangu, na mke wangu aliyenilisha bila kunisimanga. Nanyi wasimamizi mlioketi hapa, mkiambiwa mlete majina, kwanza waulizeni wenye majina. Kuna siku kazi itapungua kweli, sikatai. Lakini mtu asitolewe kabla hajasikilizwa.

Nilisema kumi na wawili, wakarudi wanane. Wanne bado. Wawili wao nawaona wameketi pale karibu na dirisha. Ndugu zangu, mmesikia habari hii kwa watu, mimi sijawahi kuwaambia kwa mdomo wangu. Ni mimi niliyewaandika. Nisameheni.