Mbuzi wa Barua ya Chuo

Basi lilipotoka Elburgon, Muiruri alikuwa amekwisha kumkatia kijana wake tamaa, na hakumficha jirani yake wa kiti. "Chuo cha uuguzi kimemkataa mara mbili, mathe. Arudi tulime viazi."

Jirani huyo, mama aliyeitwa Jepkemei, alikuwa amepakata gunia lenye mbuzi mdogo, kichwa nje. Akacheka.

"Wangu walimkataa mara tatu! Na mimi nilikuwa nimetangaza kanisani, hata mbuzi wa sherehe nikanunua. Aibu gani hiyo! Watu wakasema nichinje tu, nyama ni nyama. Nikakataa: huyu ni wa barua ya kukubaliwa. Akakaa, akazaa, akazaa tena. Juzi barua imekuja!"

"Kwa hivyo mmemchinja."

"Yule? Thubutu! Amengoja na sisi miaka yote hiyo. Tumechinja wanawe wawili, kanisa lote likashiba. Huyu mjukuu wake nampeleka sokoni."

Mpaka basi linasimama Nakuru, Muiruri alikuwa bado anashikilia kwamba kijana arudi kwenye viazi. Lakini alipomsaidia mama kuteremsha gunia, alichungulia ndani.

"Kama ni jike, mathe," akasema, "usifike sokoni. Nitajie bei hapa hapa."