Urukususi Kichwani mwa Kitheka

Kijiwe chetu kiko kando ya duka la viungo la Rehana, hapa Machakos mjini, na mmimina kahawa ni kaka yake, Othman. Mimi hukaa mwisho wa benchi, kazi yangu ni kucheka. Alhamisi hiyo Kitheka, fundi wa viatu tunayemwita Kofia, alikuja ameshika kofia mkononi, kichwa kimepakwa uji wa manjano. Sababu tuliijua. Mkewe Mumbua amefanya kazi Doha miaka minne, anarudi Jumamosi, na zile nywele alizomwachia mumewe zilishaondoka. Kwenye simu za video Kitheka hajawahi kuvua kofia. Ndipo Rehana akampa unga wa urukususi, ule mzizi mtamu ambao Wahindi husaga, wakachanganya na maziwa na kupaka nywele na ngozi. Hii ni wiki ya tatu, na hata unywele mmoja hatujauona. Nilimhurumia, lakini nilicheka.

— Mbona nzi wanakufuata hivyo? aliuliza Nthambi, mama anayeuza vyondo, vile vikapu vya kusuka.

— Ni maziwa.

— Maziwa gani? Othman aliweka birika chini. Dada alikuambia maziwa freshi.

— Profesa alisema maziwa lala ndiyo iko na nguvu.

Profesa ni Ndambuki, aliyewahi kufagia maabara ya shule.

— Hiyo ni sayansi, Ndambuki alisema. Ile uchachu inaamsha nywele zenye zimelala.

Othman alichota maji, akamsuuza Kitheka kichwa. Kiling'aa mpaka Nthambi akainama kujitazama, akafunga leso yake vizuri.

— Aiya! Ngozi imekuwa laini kama ya mtoto!

— Urukususi inang'arisha ngozi pia, Othman alisema. Hii imeamua kufanya kazi moja.

— Wacheni wasiwasi, Ndambuki alisema. Nywele ziko. Zinaota kwa ndani.

— Kwa ndani?

— Si juzi Kofia alisahau viatu za mteja? Kumejaa huko.

— Sasa Mumbua atazionaje? Nthambi aliuliza. Apeleke bwana eksirei?

— Zitatokea kwa masikio. Jumamosi asubuhi, mapema.

Kitheka hakucheka.

— Nyinyi mnacheza. Huyo mama aliniacha nikiwa kijana. Atashuka ndege apokewe na babu yake.

Hapo simu yake ikalia, na Kitheka akaibonyeza kabla hajafikiri. Ilikuwa ya video, kutoka Doha, na kofia ilikuwa imekaliwa na Ndambuki.

— Baba Nzilani! Hiyo kichwa imefanya nini?

Kitheka alitaka kuificha simu, kisha akachoka kujificha.

— Mama Nzilani, nywele zilienda kitambo. Nimekuwa nikipaka dawa. Nilidhani zitarudi kabla yako.

Mumbua alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kazi. Kisha akaisogeza simu karibu na uso.

— Miaka minne nimekuuliza kama umekula. Nimeuliza kama umelala, kama Nzilani ameenda shule. Sasa niambie, ni siku gani niliuliza nywele?

Profesa aliinuka, akaikung'uta ile kofia aliyoikalia. Kitheka alikuwa analia mbele yetu sote, na hakuomba kofia.