Huko Mwanzo Kuna Ukuta?

Pale kona ya bucha, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, kuna benchi refu lililotengenezwa kwa mlango wa zamani. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni huketi juu yake mara moja tu. Mwenye kahawa huitwa Waziri, kifupi cha Waziri wa Uchukuzi, kwa kuwa alikuwa utingo wa basi mpaka goti lilipomstaafisha. Mwenye bucha ni Daktari, kwa sababu ya lile koti lake jeupe na kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Fundi ni Spoku, mwembamba kama jina lake. Ijumaa ile jioni, katikati yao alikaa Mkate, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, anayesambaza mikate mtaa mzima kwa baiskeli. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi. Keshokutwa alikuwa anaingia mashindanoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Baiskeli ya mashindano ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo, nyembamba, haina hata kengele. Spoku alikuwa ameiunda kutoka kwenye fremu tatu zilizokufa.

— Hebu nieleweshe tena, alisema Daktari. Hii haina breki?

— Haina, alijibu Spoku.

— Na gia?

— Ipo moja, imekazwa palepale kwenye gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka. Hakuna kuachia miguu ikapumzika mteremkoni. Ndiyo inaitwa fiksi.

— Sasa kusimama?

— Unaikatalia pedeli kwa miguu. Kidogo kidogo, mpaka itii.

— Hiyo siyo baiskeli, alisema Waziri akimimina. Hiyo ni ndoa.

Walicheka. Mkate naye akacheka, lakini mkono wake ulishuka wenyewe ukavuta kanga ifunike goti. Kulikuwa na kidonda pale, na cha pili juu ya kifundo. Nyumbani alikuwa amesema ameteleza bafuni.

— Mama mkwe anajua? Waziri aliuliza kwa sauti ya chini.

— Hajui. Na asijue kabla ya Jumapili.

Mume wa Mkate alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alipopigiwa simu alisema, "Mke wangu, kashindane, ila kwa mama ukaongee mwenyewe." Na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mama mkwe hakuwa mkali wa kelele. Alikuwa mkali wa kunyamaza. Angeweza kunyamaza kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa zizimwe, na nyumba nzima ikajua nani mkosaji.

— Tuache hayo, alisema Daktari akijikohoza. Tuongelee ushindi. Kwanza, chakula. Jumapili usile kitu.

— Kwa nini? aliuliza Mkate.

— Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Sasa wewe ukienda tupu, si utavuma?

— Atazimia huyo! alisema Spoku.

— Mimi ndiye Daktari hapa.

— Wa mbuzi waliokufa!

Waziri aliweka birika chini. Kwake yeye, siri yote ilikuwa kwenye kona.

— Nimening'inia mlangoni mwa basi miaka yote, najua kona. Kona zote za mbio hizo zinakata kushoto, maana wanazunguka maghala. Kwa hiyo unaweka mawe mfuko wa kushoto. Baiskeli inalala yenyewe, wewe unatulia tu kama abiria.

— Na kwenye njia iliyonyooka? aliuliza Spoku.

— Pale unahamishia mawe machache mfuko wa kulia. Haba na haba hujaza kibaba.

Spoku alishika kichwa. Lakini naye hakuwa mzima sana. Alisema tatizo ni uzito, ameshang'oa kila kinachong'oka, na kilichobaki sasa ni Mkate mwenyewe. Ajinyoe nywele. Avue hereni. Ikiwezekana kucha zikatwe usiku wa kuamkia Jumapili.

— Samaki mkunje angali mbichi, alimalizia, akionyesha usukani. Hata huu niliupinda ukiwa wa moto.

— Hapana, sikilizeni, Daktari alisimama kabisa, koti likapepea. Tatizo siyo yeye, ni wale wengine. Waziri asimame kwenye kona, waje wote wanafukuzana, halafu apige ile sauti yake: "Kuna wa kushuka hapo!" Nakuapia, mtu yeyote aliyewahi kupanda basi atapunguza mwendo.

— Hawana breki, alisema Spoku.

— Basi watazitafuta!

Hata Mkate alicheka mpaka kahawa ikamwagika kidoleni. Waziri alingoja kicheko kiishe, akamtazama kwa upole.

— Mdogo wangu, tunataniana. Lakini niambie kweli. Hiki kitu unakitafutia nini? Una kazi, una watoto, una heshima yako.

Mkate alifikiri kwanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Kaka, mimi nimeendesha baiskeli miaka kumi. Sijawahi kuendesha bila kreti nyuma. Nikipanda kilima, mikate. Nikishuka, mikate, naogopa isimwagike. Siku Spoku aliponipa hii nijaribu, nilienda mpaka mwisho wa barabara nikajikuta nalia, sijui nalia nini. Nataka kujua mwendo wangu mwenyewe ni upi. Basi.

Daktari alikaa. Na hapo ndipo waliposikia ndara zikija taratibu, na Mkate hakuhitaji kugeuka kujua ni za nani.

— Shikamoo mama! wanaume watatu walisema kwa pamoja, kama darasa.

— Marahaba. Hamjambo wanangu.

Mama mkwe alisimama mbele yao na kikapu chake cha sokoni, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Aliitazama baiskeli. Akamtazama mkaza mwana wake, akaitazama kanga iliyofunika goti.

— Mtu hatelezi bafuni mara tatu wiki moja, alisema. Tena mara zote mguu uleule.

— Mama, nilikuwa nataka kukueleza...

— Dirisha langu linatazama ukuta wa kiwanda cha mikate. Kila alfajiri nakuona. Unapanda, unaegemea ukuta, unafunga miguu kwa mikanda, kisha unajisukuma kwa mkono unaondoka. Ni hivyo au sivyo?

— Ni hivyo, mama.

— Na Jumapili, miguu inafungwa kabla ya filimbi?

— Ndiyo sheria, alidakia Spoku. Asiyefunga haanzi.

Mama mkwe alihamisha kikapu mkono mwingine.

— Sasa nauliza tu. Huko mwanzo kuna ukuta?

Daktari alifungua mdomo. Akaufunga. Waziri alitazama ndani ya birika kana kwamba jibu limezama humo. Spoku alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Walikuwa wamepanga kona, njaa, mawe, kucha na kelele, na mshindani wao angeanguka kama gunia hata filimbi haijalia.

Wiki zote zile Mkate hakuwahi kuufikiria ule ukuta. Mtu haufikirii ukuta.

— Hakuna, mama, alisema. Ni barabara tupu. Wengine wanakuja na mtu wa kuwashikia.

— Na wako ni nani?

— Mimi nitakuwa na spana upande wa pili, alisema Spoku, ndivyo mafundi tulivyoagizwa.

— Goti langu, alisema Waziri.

— Jumapili asubuhi ndiyo wateja wa nyama, alisema Daktari, akaona haya.

Mama mkwe aliweka kikapu kwenye benchi, akajifunga kanga kiunoni mara mbili, akaenda kushika kiti cha baiskeli kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine.

— Panda.

— Mama, ningekueleza mapema. Niliogopa ungesema hapana.

— Ningesema hapana. Halafu ningekushikia. Panda, jua linazama.

Mkate alipanda. Alifunga mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na kwa mara ya kwanza juu ya kitu kile hakuyumba. Alihisi pumzi ya yule mama karibu na bega lake, nzito kidogo, imetulia.

— Huyu mumeo nilimfundisha baiskeli mimi, alisema mama mkwe. Alikuwa mwoga, anageuka nyuma kila mara kuangalia kama nimeachia. Wewe usigeuke.

Waziri alipiga mluzi wa utingo, ule wa vidole viwili. Mikono ikaachia. Mkate akateremka na barabara, pedeli zikimchukua naye akizichukua, na nyuma yake benchi zima likipiga kelele kama uwanja.

Jumapili bucha lilifunguliwa kwa kuchelewa. Kwenye mstari wa kuanzia, msichana aliyekuwa kando ya Mkate alikuwa anahangaika, mguu mmoja umefungwa, mwingine unatafuta ardhi. Mtu wake hakuwa ametokea. Mama mkwe alinyoosha mkono wa pili akamshika kiti.

— Mama! alipaza Daktari kutoka pembeni. Huyo ni mpinzani wetu!

— Na yeye hana ukuta, alisema mama mkwe.

Filimbi ililia, akawaachia wote wawili kwa pamoja. Mkate alimaliza wa tisa kati ya waendeshaji ishirini na kitu, hakuanguka, na alipovuka mstari ilibidi azunguke tena nusu ya maghala akicheka, kwa kuwa miguu ilikuwa haijakubali kusimama. Msichana yule alimaliza wa nane.

Jumatatu Daktari alikuwa bado hajasamehe.

— Kwa mkono mmoja tungekuwa wa nane! Mama, mikono miwili ya nini?

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, mahali pazuri, mbali na tundu la kitasa, akinywa kikombe cha mwisho, maana birika lilikuwa limekauka. Aliitazama ile fiksi iliyoegemea nguzo, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe.

— Spoku, mwanangu.

— Naam, mama.

— Hicho kiti kinashuka mpaka wapi?

Waziri alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Mkate. Spoku alikuwa ameshainuka, anapapasa mifuko akitafuta spana.