Maji Tuliyomwekea Mgeni

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Majengo kutoka Nairobi. Wazee wetu, mama zetu na majirani. Sisi wakazi wa lokesheni, mtaa wa wafanyakazi wa Eldoret, tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mioyo yetu leo ni mizito.

TULIKOTOKA

Wengi wetu tuliletwa na treni kutoka magharibi, wengine walitoka mashamba ya hapa hapa Uasin Gishu. Kila mwenye kazi alipewa chumba. Kazi ikiisha, chumba nacho kinakwenda. Nasike, mke wa Wepukhulu fundi wa mawe, alifika na mtoto mmoja akapanda mboga mlangoni. Alituambia, "Hapa sasa ni kwetu," naye alikuwa anaamini.

MAFANIKIO

Mwaka jana tulisikia mji utapanuliwa. Vigingi vya nyumba mpya vilipigwa mpaka karibu na mto Sosiani, na wanaume wakaandikwa kuchimba mtaro wa mabomba. Wepukhulu alikuwa anajenga misingi. Kwa miezi hiyo tulikula tukashiba, hatutasema uongo.

YALIYOTUPATA

Kabla ya vigingi alikuja mkaguzi mwingine kuona kama maji yanatosha. Kwetu mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Tukakubaliana mtu yeyote asiteke maji, tangi letu moja lijae, bomba lisituaibishe. Nasike pekee alikataa.

"Kiu mnaificha ya nini? Muacheni aone vile tunaishi!"

Tukamcheka. Tukamwambia hana adabu mbele ya wageni, naye akakaa kando na debe lake tupu, amekasirika sana. Mkaguzi alipofungua bomba maji yaliruka mpaka kwenye viatu vyake. Alifurahi, akaandika kwamba yanatosha nyumba zote mpya. Basi halikujengwa tangi lingine wala bwawa.

Kiangazi kilipokuja bomba lilikauka. Simenti haichanganywi na mate, Bwana. Ujenzi ukasimama na mafundi wakaachishwa, Wepukhulu akiwa wa kwanza. Alikwenda kutafuta kazi mashamba ya Kitale. Mpaka leo hakuna aliyemwona, na Nasike amelia mpaka sauti imekauka.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo tunamlea sisi sote. Leo hatukukuwekea maji. Glasi iliyo mbele yako ni tupu, na tunaomba radhi kwa hilo.

MAOMBI

Tunaomba tangi na bwawa vitangulie nyumba. Tunaomba mafundi warudishwe kazini, kwa sababu mji usio na kazi utajazwa na nani?

Ombi la tatu tuliliandika jana: Nasike aachiwe chumba mpaka mumewe apatikane. Asubuhi hii karani wa nyumba amechukua ufunguo. Jirani yake Mama Tryphosa alimsihi Nasike angoje risala isomwe kwanza. Nasike alijifunga mtoto mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akasema, "Risala yenu someni. Mimi nimechoka kuwaambia."

Anarudi kwao Bungoma kwa miguu. Yuko barabara ya Turbo, na kwa watoto wale hajafika mbali. Bwana, una gari. Kabla ya chai, kabla ya hotuba, tunakuomba umfuate.

Mwenyezi Mungu akujalie safari njema na moyo wa huruma.

Ni sisi,
Wakazi wa Lokesheni, Eldoret.